Kabla ya kupiga Windows au Linux, soma chipu

Tangu Microsoft wasitishe msaada wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, mezani kwangu laptopu za mtumba haziishi. Wenyewe wanataka nizipige Windows 11, au wamesikia habari za Linux. Swali ni lile lile: "Fundi, hii itakubali?" Jina lililo juu ya mfuniko halitakujibu. Modeli moja inaweza kutoka na kadi za Wi-Fi za kampuni mbili tofauti, kwa hiyo jibu liko kwenye chipu zilizomo ndani.

Anza na prosesa. Tangazo litakwambia "Core i5" basi, na hapo ndipo watu wanapouziwa mbuzi kwenye gunia. i5-7300U ni kizazi cha saba, i5-8250U ni cha nane. Kwa Intel, Windows 11 inaanzia kizazi cha nane, ukiondoa prosesa chache sana. Inadai pia TPM 2.0 (sehemu ya usalama inayotunza funguo za siri), UEFI (BIOS ya kisasa, yaani programu inayowasha mashine) yenye Secure Boot (ulinzi unaokagua kinachowashwa), RAM ya GB 4 na diski ya GB 64. TPM mara nyingi ipo ila imezimwa kwenye BIOS. Kwenye Intel itafute kwa jina la PTT, kwenye AMD fTPM. Njia za kukwepa ukaguzi huo zipo na mafundi wengi wanazitumia. Mimi mashine ya mteja siifanyii hivyo. Microsoft hawaihakikishii masasisho, na siku ikigoma mteja atakuja kwangu, haendi kwao.

Linux haina masharti hayo, ila ina kisirani chake: Wi-Fi. Usifute kitu kwanza. Washa mashine kwa flashi ya Ubuntu au Mint, chagua kujaribu bila kusakinisha, fungua terminali uandike lspci -nn. Tafuta mstari wenye maneno "Network controller". Kuelekea mwisho wake kuna mabano yenye namba, tuseme [14e4:4365]. Nusu ya kwanza ni kampuni: 8086 ni Intel, 10ec ni Realtek, 14e4 ni Broadcom. Ukikuta 8086, kwa kawaida huna shida, draiva (programu inayoendesha kifaa) imo ndani ya kernel, kiini cha Linux. Lakini 14e4:4365 ni BCM43142, na hiyo inataka draiva ya Broadcom wenyewe, inayopatikana kwenye kifurushi kiitwacho broadcom-sta-dkms. Kukipakua kunahitaji intaneti, na intaneti ndiyo hiyo huna! Chomeka simu kwa waya wa USB, washa kugawa intaneti kwa USB, na Linux itaiona kama mtandao wa waya.

Kama Secure Boot imewashwa, wakati wa kusakinisha draiva hiyo utaombwa utunge nenosiri. Ukiwasha upya inakuja skrini ya bluu inayotaka usajili ufunguo kwa nenosiri lile lile. Wengi wanaipita haraka haraka, kisha wanalalamika kuwa Wi-Fi haijawaka.

Ukiwa bado kwenye flashi, jaribu sauti, kamera na Bluetooth. Funika laptopu ilale, uifunue uone kama inaamka.

Halafu kuna diski isiyoonekana. Kisakinishi kinakuonyesha flashi peke yake, nawe unaanza kudhani diski imekufa. Ingia BIOS uangalie: mara nyingi hifadhi imewekwa kwenye RST badala ya AHCI, ambazo ni njia mbili za mashine kuwasiliana na diski. Kama unafuta kila kitu, badilisha uendelee. Kama Windows inabaki humo, usiibadilishe ghafla, haitawaka. Iweke kwanza iwake katika hali salama, ndipo uende BIOS uweke AHCI, uiache iwake mara moja, kisha uirudishe katika hali ya kawaida. Na BitLocker (kufuli ya Windows inayosimba diski) ikiwa imewashwa, inaweza kukudai ufunguo wa tarakimu 48. Mwambie mwenye mashine aingie kwenye akaunti yake ya Microsoft auandike kwenye karatasi, kabla hujagusa BIOS.