Hifadhi ya barabara haianzii kwenye mtaro

Juma lililopita nilimsindikiza ndugu yangu kuangalia kiwanja kule Mbezi, Dar es Salaam, kando ya Barabara ya Morogoro, na tukamtazama dalali akihesabu hatua kuanzia kwenye mtaro wa maji ya mvua kuelekea ndani. Alipofika hatua ya arobaini na tano alisimama juu ya kipande cha sakafu ya saruji nyekundu kilichobaki ardhini, akafuta jasho, akatuambia kwa uhakika kabisa: "Hapa mko nje ya hifadhi, mzee wangu, hifadhi ni mita thelathini tu." Katika sentensi hiyo fupi alikuwa amekosea mahali pa kuanzia kipimo, idadi ya mita, na maana ya neno lenyewe. Kwa kuwa si mara ya kwanza kuyasikia makosa haya, na kwa kuwa watu hulipa mamilioni kwa kuyaamini, ninaona si vibaya kulieleza neno hili.

Hifadhi ya barabara ni ukanda wote wa ardhi uliotengwa kisheria kwa ajili ya barabara, nao hupimwa kutoka mstari wa katikati kwenda kila upande. Ndani yake zimo njia za magari, mabega, mitaro, njia za waenda kwa miguu, na ardhi tupu inayobaki baada ya hivyo vyote.

Nadhani tatizo linaanzia kwenye neno "hifadhi". Tumelipokea kutoka Kiarabu, ambako mzizi wake hubeba maana ya kutunza na kulinda, na ndiyo maana aliyeiweka Kurani yote kifuani huitwa hafidhi. Katika Kiswahili chetu neno hili limeshika njia mbili. Ya kwanza ni kulinda kitu kisiguswe, kama tunavyosema Hifadhi ya Taifa ya Serengeti. Ya pili ni kuweka kitu kwa matumizi ya baadaye, kama mama anavyohifadhi mahindi ghalani akijua mwezi wa kuyatoa utafika. Hifadhi ya barabara ni ya njia hii ya pili, lakini masikio ya wengi huisikia ile ya kwanza, na kwa hiyo mtu akipita asione uzio wala askari, huhitimisha kwamba eneo halina mwenyewe. Kama ningeulizwa, ningependekeza tungesema "akiba ya barabara" tangu mwanzo, kwa sababu hakuna Mswahili anayedhani kwamba akiba isiyoguswa leo haina mwenyewe.

Lipo pia kosa la kudhani kwamba barabara ni lami. Lami ni sehemu ya barabara inayotumika kwa sasa, na inaweza kupanuliwa, kuhamishwa au kung'olewa, ilhali mipaka ya hifadhi imebaki pale pale. Kwa hiyo mtu anayesema "barabara imekuja hadi mlangoni kwangu" mara nyingi anaeleza kinyume cha kilichotokea, yaani lami imefika mahali ambapo barabara, kwa maana ya kisheria, ilikuwapo kabla ya mlango.

Hakuna mahali panapoonyesha jambo hili vizuri kuliko kipande cha kutoka Kimara hadi Kiluvya. Majina ya vituo vyenyewe ni historia ya mji unaotambaa: Kimara Mwisho haujawa mwisho wa mji kwa miaka mingi, na mbele yake tunaye Mbezi Mwisho, ambaye naye amekwisha kupitwa na Kibamba. Mji ulipokuwa ukisogea, barabara kuu iendayo Morogoro, Iringa, Mbeya hadi Tunduma ilikuwa na njia moja ya kwenda na moja ya kurudi, na pembeni yake palikuwa na uwazi mpana ajabu. Uwazi huo ulikuwa hifadhi ya mita 121.5 kila upande, yaani mita 243 kwa jumla, ambayo serikali iliitetea kwa kurejea sheria ya barabara ya mwaka 1932. Nyumba, maduka, makanisa na misikiti vikajaa humo, na mwaka 2017 TANROADS, wakala wa serikali wa barabara, ikavivunja. Mwaka uliofuata ukaanza ujenzi wa njia nane kutoka Kimara hadi Kibaha, kilomita 19.2, na mwezi Februari 2021 kikafunguliwa kituo kikuu cha mabasi cha Mbezi Luis. Hata makao makuu ya TANESCO, shirika la umeme, pale Ubungo yaliwekewa X, alama ya jengo linalotakiwa kubomolewa, jambo linaloonyesha kwamba kutojua mpaka huu si ugonjwa wa wanyonge peke yao.

Hapa nalazimika kuwa mwangalifu, maana wapo wanaosema "hifadhi imenifuata" nao wakawa wanasema kweli tupu. Sheria ya Barabara Na. 13 ya mwaka 2007 ilipanua hifadhi ya barabara kuu za kawaida kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande. Aliyejenga kihalali kwenye mita ya 25 kabla ya hapo hakuvamia kitu. Mpaka ndio uliomruka. Ndiyo sababu zikawapo X za rangi mbili: nyekundu kwa aliye ndani ya mita 22.5, ambaye hulazimika kubomoa bila fidia, na ya kijani kwa aliye katika zile mita 7.5 zilizoongezwa, ambaye anastahili kulipwa kabla ya kuondolewa. Kuwaita wote "wavamizi" ni kosa lile lile la dalali likitoka kinywa cha msomi, nami hunikera zaidi kwa kuwa msomi hana udhuru.

Dalali wetu, basi, alikuwa ameibeba mita thelathini ya barabara nyingine akaileta kwenye barabara yenye kipimo chake, kisha akaanza kuhesabu kutoka mtaroni. Hata tukimwongezea nusu ya upana wa zile njia nane, alikuwa bado yumo ndani ya hifadhi kwa makumi ya mita. Sikumbishia mbele ya watu. Nilimwomba tu anieleze ile sakafu nyekundu aliyosimama juu yake ilikuwa ya nyumba ya nani, na kwa nini nyumba yenyewe haipo.