Muuguzi akimpiga mgonjwa na ana faili kliniki ya akili: leseni yake iweje?

Muuguzi akimpiga mgonjwa, kisha ikajulikana kwamba aliwahi kulazwa wodi ya akili, kikao hugawanyika papo hapo. Wapo wanaosema, "Huyu wa Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili, anyang'anywe leseni." Wapo wanaosema anaumwa, basi yaishe. Nafanya kazi ya afya ya akili hapa Dar es Salaam na sikubaliani na upande wowote kati ya hizo mbili. Leseni iamuliwe kwa kuangalia alichotenda, hali ya akili yake alipokuwa anakitenda, na kama ugonjwa wake unadhibitika akiwa kazini. Jina la ugonjwa peke yake halimtoi mtu kazini, wala halimfutii kosa.

Nianze na leba, maana huko ndiko makofi yanakosikika zaidi. Watafiti waliochunguza huduma za uzazi Tanga na hapa Dar es Salaam wameandika kuhusu wajawazito kupigwa, kutukanwa na kuachwa bila msaada. Na wanawake wengi waliojifungulia mjini wanalijua lile neno: "Ulipokuwa unaitafuta hii mimba mbona hukupiga kelele?" Tabia hiyo haihitaji ugonjwa wa akili ili itokee. Inahitaji uchovu, wauguzi wachache kwa vitanda vingi, na wakubwa waliowafundisha wadogo kwamba kofi humsaidia mama asukume. Tukiamua kuondoa ukatili wodini kwa kuwasaka wenye faili kliniki ya akili, tutawaumiza wasiohusika na kuwaacha wepesi wa mkono waendelee na zamu.

Utafiti wa MacArthur, uliochapishwa Marekani mwaka 1998, uliwafuatilia watu walioruhusiwa kutoka hospitali za akili. Katika mji wa Pittsburgh waliwalinganisha na majirani zao. Wagonjwa wasio na dalili za matumizi mabaya ya pombe au dawa za kulevya hawakuwa na vurugu zaidi ya majirani wasio na dalili hizo. Yanayoashiria hatari kweli ni mengine: historia ya kupiga watu, ulevi, na dalili kali zisizotibiwa, kama mtu kusikia sauti zikimwamuru au kuamini kwa dhati kwamba mgonjwa wa kitanda cha pili ametumwa kumuua. Mambo hayo matatu ndiyo ya kuulizwa, na yote matatu yanaulizika.

Sasa tukio lenyewe. Kwanza ni aliyepigwa: atenganishwe na muuguzi yule, apimwe, majeraha yaandikwe kwenye faili lake. Akitaka kwenda polisi kuchukua PF3, ile fomu ya matibabu ya aliyejeruhiwa, asizuiwe na mtu. Muuguzi atoke kwenye zamu saa ileile, hata kama wodi itabaki na mtu mmoja mpaka mwingine aitwe. Funguo za kabati la DDA, yaani la dawa kali zinazoweza kuleta uraibu, akabidhi, na morfini na pethidini zihesabiwe na watu wawili wakiwa na daftari, wote wasaini. Hili la kuhesabu husahaulika sana, nalo ndilo linaloweza kufichua kwamba tatizo la msingi ni uraibu.

Halafu ripoti, na iandikwe kabla zamu haijaisha. Ripoti mbaya husema: "Sista alichanganyikiwa akamfanyia mgonjwa fujo." Hiyo haimsaidii yeyote. Ripoti nzuri husema: "Saa 8:40 usiku, kitanda namba 6, alimpiga mgonjwa kofi mara mbili shavu la kushoto. Alisema, 'Umenirekodi, toa simu.' Mgonjwa hakuwa na simu mkononi. Tangu saa 4 alikuwa anatembea wodini bila kukaa." Hakuna jina la ugonjwa hata moja hapo, lakini daktari wa akili akiisoma anajua pa kuanzia. Aliyeandika ameweka alichokiona na alichokisikia, basi.

Uchunguzi ufanywe na daktari ambaye hamtibu muuguzi huyo na si bosi wake. Anayemtibu amebeba siri zake na anamtakia heri. Ukimfanya hakimu umemharibia mgonjwa tiba. Kabla ya kutamka neno skizofrenia (ugonjwa wa kusikia sauti na kuamini yasiyo kweli) au baipola (ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka kupita kiasi), mwili utazamwe kwanza: sukari kwenye damu, kipimo cha malaria, homoni za tezi ya shingo, historia ya kifafa. Dawa zote anazotumia ziulizwe kwa majina. Efavirenzi, iliyokuwemo kwa miaka mingi kwenye dawa za VVU, inajulikana kuleta ndoto mbaya na hata kuvuruga akili, na predinisoloni, dawa ya kutuliza uvimbe na pumu, kwa dozi kubwa inaweza kumpandisha mtu wazimu ambao hakuwa nao. Mnywaji wa kila siku aliyeacha ghafla anaweza kuanza kuona visivyokuwepo baada ya siku 2 hadi 4, yaani katikati ya zamu zake.

Kwenye kupima hatari ipo fomu inayotumika nchi nyingi, HCR-20. Ina vipengele 20: 10 vya historia, 5 vya hali ya sasa, 5 vya mazingira anayorudi. Naipenda kwa sababu hiyo sehemu ya mwisho inamlazimisha mpimaji aulize atafanya kazi wapi, na nani, saa ngapi.

Saa ngapi ni swali zito kuliko linavyoonekana. Kwa mwenye baipola, kukosa usingizi siku chache mfululizo kunaweza kumpandisha ugonjwa. Ratiba ikimpa zamu za usiku kwa mkupuo, na mchana anaamkia kibarua kingine kwenye zahanati binafsi, tumemtengenezea ugonjwa kwa mikono yetu. Na kama anatumia lithiamu, dawa ya baipola, joto la Dar es Salaam la Januari na Februari, jasho jingi, kuharisha, au diklofenaki, dawa ya maumivu aliyoinunua duka la dawa kwa ajili ya mgongo, vyote vinaweza kupandisha kiwango cha lithiamu kwenye damu. Damu ichukuliwe saa 12 baada ya dozi ya mwisho; kwa kawaida kiwango kinachotafutwa ni 0.6 hadi 1.0 mmol/L, na kikipita 1.5 ni sumu: mikono inatetemeka, anatapika, anayumba. Wenzake watadhani amelewa.

Akiwa kwenye makali ya ugonjwa, apewe likizo ya ugonjwa kwanza. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inatoa siku 126 katika mzunguko wa miezi 36, nusu ya kwanza kwa mshahara kamili, nusu ya pili kwa nusu mshahara. Kumhoji mtu anayesikia sauti si kumtendea haki, na majibu yake hayatafaa popote.

Hapa pana tundu linaloniumiza. Mwajiri na Baraza la Uuguzi na Ukunga ni milango miwili tofauti. Mwajiri anaweza kumfukuza mtu leo, na leseni yake ikabaki hai. Wiki ijayo yuko zahanati nyingine upande wa pili wa jiji, na hakuna aliyeambiwa. Kibaya zaidi ni kumhamisha kimyakimya ili kulinda jina la hospitali. Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya mwaka 2010 imelipa Baraza mamlaka juu ya usajili, leseni na nidhamu, kwa hiyo tukio la kumpiga mgonjwa lipelekwe kwa Msajili wa Baraza kwa maandishi, hata kama mwajiri ameshatoa adhabu yake.

Uingereza wana utaratibu ambao ningependa tuutazame. Baraza lao la wauguzi linaweza kutoa onyo la mwaka 1 hadi 5, masharti ya kazi hadi miaka 3, kusimamisha hadi miezi 12, au kufuta kabisa. Lakini kwa shauri la afya peke yake hawamfuti mtu mpaka awe amekaa chini ya masharti au kusimamishwa kwa miaka 2 mfululizo. Ugonjwa unapewa muda wa kutibiwa. Kosa la makusudi halina subira hiyo.

Na wapo wa kufutwa. Anayempiga mgonjwa akiwa timamu, zaidi ya mara moja. Anayechagua wasioweza kusema, kama watoto au waliopoteza fahamu. Anayebadilisha maandishi ya faili kuficha alichofanya. Anayejua kwamba akiacha dawa hugeuka hatari, na anaziacha tena na tena. Beverley Allitt, muuguzi wa Uingereza aliyehukumiwa mwaka 1993 kwa kuua watoto 4, alikuwa na matatizo ya akili, lakini kilichopaswa kuwashtua wenzake mapema ni watoto kuzidiwa ghafla bila maelezo, na yeye kuwepo zamu kila mara.

Kwa wengine, masharti yanatosha, mradi yaandikwe na mtu atajwe wa kuyasimamia. Yasipoandikwa, muuguzi mfawidhi mpya akija tu yanakufa. Ningeweka hivi: asifanye zamu za usiku kwa miezi 6, asiwe peke yake wodini, asipangiwe leba wala wodi ya akili kwa mwaka mzima, alete barua ya kliniki kila mwezi ikisema amehudhuria na anatumia dawa, bila kutaja anachozungumza na daktari wake. Arudi kwa saa 4 kwa siku, kisha 6, kisha zamu kamili ya asubuhi, kila hatua wiki 2 au zaidi. Funguo za DDA ziwe za mwisho kurudi, na siku zinaporudi, ahesabu kabati na mwenzake kama siku ile zilipochukuliwa.