Chura wa macho mekundu: mayai yanayoanguliwa kabla ya siku yake

Chura wa miti mwenye macho mekundu (Agalychnis callidryas) anaishi katika misitu yenye joto na mvua, kuanzia kusini mwa Meksiko, kupitia Amerika ya Kati, hadi Kolombia. Mchana si rahisi kumwona. Hujibana kwenye jani, miguu yenye rangi ya chungwa ikiwa imekunjwa chini ya mwili, na jicho limefunikwa na kope la chini lenye wavu wa dhahabu. Wengi humjua kwa macho hayo, lakini cha kushangaza zaidi ni mayai yake.

Kabla ya kutaga, jike huingia bwawani, dume akiwa mgongoni, akafyonza maji kwa ngozi na kuyahifadhi kwenye kibofu cha mkojo. Kisha hupanda hadi kwenye jani lililoinamia maji, akataga fungu la mayai yapatayo 40 na kuyalowesha kwa maji hayo ili ute ufure. Akitaka kutaga fungu jingine, hurudi kwanza bwawani. Ute usipopata maji ya kutosha, mayai hukauka.

Yasiposumbuliwa, mayai huanguliwa baada ya siku 6 au 7. Nyoka akianza kuyala, hata yenye siku 5 tu huanguliwa hapo hapo: tezi za puani hutoa kimeng'enya kinachotoboa utando wa yai, kisha kiluwiluwi hujipenyeza na kudondoka majini. Mara nyingi haichukui hata dakika moja. Mwanabiolojia Karen Warkentin alichapisha mwaka 1995 kwamba mayai haya huwahi kuanguliwa nyoka anapoyashambulia. Mvua nayo hutikisa jani, ila mayai hayatoroki ovyo. Hupima urefu wa kila mtetemo na kimya kinachoufuata. Nyigu anapochukua yai moja moja, huanguliwa lile linaloguswa na machache ya jirani, mengine yakabaki.

Mbona basi yasiwahi siku zote? Kiluwiluwi aliyetoka mapema ni mdogo, na samaki na kamba humla kwa urahisi zaidi kuliko aliyekomaa ndani ya yai.

Kwa hiyo ukikuta fungu la mayai, usilivute jani ili upate picha nzuri. Mkono wako unaweza kuyaangua kabla ya wakati, na jani likiwa limesogezwa kutoka juu ya bwawa, viluwiluwi wataangukia ardhini na kufa.