Acheni Kumwambia Mwalimu Mpya Kwamba Hana Wito

Nimeisikia tena, mara hii kwenye kikao cha kata, kutoka kwa mtu ninayemheshimu: "Vijana wa siku hizi hawana wito. Walimu wa zamani hawakushikwa mkono na mtu, na sisi tulijua kusoma." Kikao kikaitikia, chai ikaendelea kumiminwa. Kazi yangu ni kuwalea walimu wapya katika shule za msingi za kando ya ziwa huku Mwanza, na kwa kuwa nikijibu vikaoni huwa naambiwa nimekasirika, leo naandika. Kukasirika nimekasirika hata hivyo.

Hao walimu wa zamani kwanza. Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilitaka kila mtoto wa umri wa shule awe darasani ifikapo 1977, na walimu wa kuwafundisha hawakuwapo. Wakachukuliwa vijana waliomaliza darasa la saba, wakapewa madarasa huku wakisomea ualimu kwa masomo ya posta na vipindi vya redio, na wakufunzi wakiwafuata hukohuko vijijini kuwatazama wakifundisha. Wengi waliotufundisha sisi ni zao la mpango huo. Mafunzo yale yalikuwa na mapengo, na mtaani "mwalimu wa UPE" (kifupi cha Kiingereza cha elimu ya msingi kwa wote) ilikuja kuwa kejeli, lakini kusema hawakushikwa mkono ni kusahau jambo lililoanzia hapa jirani.

Sasa mtazame kijana wa leo. BTP yake, yaani mazoezi ya kufundisha ya chuoni, aliifanya katika darasa la kuazima: mwenye darasa yupo koridoni, watoto wanajua mgeni ataondoka. Anaajiriwa, anaripoti kituoni, posho ya kujikimu inaishia kwenye kodi na godoro, na Jumatatu anakabidhiwa darasa la kwanza. Kwa nini la kwanza? Kwa sababu wakongwe wameshajigawia madarasa ya juu, na hilo ndilo lililobaki. Kwa hiyo KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu), kazi ngumu kuliko zote katika shule ya msingi, tunampa mtu ambaye hajawahi kumfundisha mtoto hata mmoja kusoma, tena watoto ambao wengi wao nyumbani wanaongea Kisukuma. Kiwango kinachotajwa ni wanafunzi 45 kwa mwalimu mmoja. Mwenye darasa la kwanza lenye watoto 45 huku kwetu anikaribishe nije nipige picha.

Darasa likimshinda, tunasema hana wito. Mwaka 1984 mtafiti Mholanzi Simon Veenman alipitia tafiti 83 za nchi mbalimbali kuhusu matatizo ya walimu wanaoanza kazi. Lililoongoza lilikuwa nidhamu ya darasa. Basi wito ulikosekana Ulaya, Marekani na Ilemela kwa mkupuo mmoja!

Na dawa anayopewa stafu, ofisini kwa walimu, naijua: "Shika fimbo, watakaa." Kanuni za viboko za mwaka 2002 zinampa mamlaka hayo mkuu wa shule, au mwalimu aliyeidhinishwa naye kwa maandishi, visizidi vinne, na viandikwe kitabuni. Hazisemi popote kwamba ni mbinu ya kufundishia silabi. Mtoto anayepiga kelele darasa la kwanza mara nyingi hajaelewa afanye nini na daftari lililo mbele yake. Kijana akizoea kutoa agizo moja fupi, akasubiri wote walitekeleze, ndipo atoe la pili, kelele hupungua bila mti wowote.

Wanaoniudhi zaidi, lakini, ni wale wanaokubali ulezi halafu wakauharibu. Shule inateua mlezi, kisha mwalimu mkuu anamwambia huyohuyo: "Mtazame, uniletee ripoti, muda wa kumthibitisha unakaribia." Mwalimu mpya ana miezi 12 ya majaribio kabla ya kuthibitishwa kazini, naye si mjinga. Akijua karatasi yangu inaishia kwenye jalada lake, atanifundishia kipindi cha wageni. Kila mwalimu anayesoma hapa anakijua: somo limeshafundishwa jana, wanaojua wameketishwa mbele, zana zimebandikwa ukutani asubuhi hiyo, andalio la somo limeandikwa kwa kalamu za rangi mbili. Nitasifu, nitatia sahihi, na wasiojua kusoma watabaki hivyo hivyo.

Mthibiti ubora, yule mkaguzi wa shule, ana kazi yake na mwalimu mkuu ana yake. Sipingi hata moja. Napinga kumtwisha mtu mmoja zote pamoja na ulezi. Nani anaanika makosa yake mbele ya anayemwandikia hukumu? Siku ya kwanza namwambia mwalimu mpya hivi: nitakayoyaandika darasani kwako nakuachia wewe, karatasi yenyewe, nakala sibaki nayo. Palepale namwambia na mpaka wake: nikiona mtoto ameumizwa au amedhalilishwa, hilo nalipeleka ofisini, nawe utajua kwamba nimelipeleka. Wapo wenzangu wanaosema sharti hilo linapunguza uaminifu. Linapunguza kweli. Afadhali upungue.

Halafu kuna suala la mahali pa kukaa. Walezi wengi hukaa dawati la nyuma wakimkodolea macho mwalimu, na kutoka pale wanaona visogo vya watoto. Mimi hukaa ubavuni, karibu na ubao, nione nyuso na madaftari. Vipengele vya "anajiamini" na "anatumia zana" sijazi. Naandika yanayotokea: nani aliulizwa, alijibu nini, mwalimu alisubiri muda gani. Hilo la kusubiri mtafiti Mary Budd Rowe alilipima Marekani miaka ya 1970, akakuta walimu kwa kawaida husubiri kama sekunde moja baada ya swali, kisha humrukia mwanafunzi mwingine au hujijibu wenyewe. Wakisubiri sekunde tatu au zaidi, majibu hurefuka na wanaojitokeza kujibu huongezeka. Sekunde tatu za kimya mbele ya darasa ni ndefu, zijaribu. Mwalimu mpya huogopa kimya kuliko kelele.

Kipindi kikiisha sitoi mhadhara. Mwalimu mmoja wa Misungwi aliniambia somo lake limekwenda vizuri kwa kuwa mikono ilikuwa juu muda wote. Nikampa mchoro wa madawati niliouchora, wenye alama kwa kila aliyejibu. Akautazama, akaugeuza, akautazama tena. "Kumbe nimewafundisha wa dirishani tu, mwalimu." Sikuongeza neno. Tukazungumza jinsi ya kuwafikia wa upande wa pili mpaka kengele ikagonga, na mengine niliyoyaona nikayaacha (mwandiko wa ubaoni ulikuwa msiba, lakini utasubiri). Mlezi anayetaja kasoro kumi kwa mkao mmoja anajifurahisha mwenyewe.

Yapo pia ambayo chuo hakiwezi kumpa. Mwalimu aliyetoka Kilimanjaro akapangiwa shule ya jirani na mwalo, mahali mitumbwi inaposhushia samaki, atahangaika na mahudhurio mpaka mtu amwambie atazame mwezi. Usiku wa giza mitumbwi ya dagaa inatoka na taa, asubuhi kuna dagaa wa kuanika, na baadhi ya watoto wako huko. Mwezi ukiwa mpevu uvuvi unasimama na darasa linajaa. Utoro aufuatilie, ndiyo, lakini herufi mpya asizianzishe wiki ya giza.

MEWAKA (Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini) naipenda kwa nia yake, walimu kukaa shuleni wakajifunza wao kwa wao. Palipo na mwezeshaji aliyejiandaa inafaa sana. Pasipo naye ni kusaini mahudhurio.

Yaliyobaki ni mashaka yangu, ambayo semina hazipendi kuyasikia. Utafiti mkubwa wa Marekani uliokamilika mwaka 2010 uligawa shule kwa bahati nasibu: walimu wapya wa baadhi ya shule wakapata ulezi wa kina, wa nyingine wakabaki na msaada wa kawaida wa shuleni. Walioacha kazi hawakupungua. Ufundishaji wa mwaka wa kwanza haukuonyesha tofauti. Waliopewa ulezi huo kwa miaka miwili ndio ambao wanafunzi wao walifanya vizuri zaidi, tena hilo lilionekana mwaka wa tatu. Kwa hiyo anayeahidi matunda ya ulezi kwa muhula mmoja simwamini. Na katika darasa la watoto mia, nina shaka kama mbinu zangu zote zinafikia faida ya kulikata darasa hilo vipande viwili.

Nina shaka pia kwamba nazalisha nakala zangu. Kuna kijana anayekohoa kabla ya kuandika tarehe ubaoni, na kikohozi hicho ni changu. Na nimewahi kumlea mmoja aliyekuwa hodari kuliko mimi. Akaacha kazi, sasa anauza dagaa Kirumba na kipato chake kimenipita. Wito wake siuoni kuwa ndio uliopungua.

Mwalimu mkuu anayetaka ulezi shuleni kwake aanze na ratiba: mlezi apunguziwe vipindi viwili kwa wiki, na apangiwe darasa linalopakana na la mwalimu mpya. Bila hivyo atakuwa mlezi wa kwenye karatasi. Wakuu wengi hunijibu kwamba walimu wa kujazia vipindi hivyo hawana. Wanasema kweli, na kwa hilo bado sijapata cha kuwajibu.