Kwa nini wanaanga walidundadunda Mwezini

Nikiwaonyesha wanafunzi wangu video za Apollo 17, safari ya Wamarekani kwenda Mwezini, kicheko huanza pale mwanaanga Harrison Schmitt anapopepesuka na kuanguka, vumbi tele. Nawaacha wacheke. Kazi yangu ni kupima mwendo wa binadamu, na mimi video hiyo naipenda kwa sababu naona mtu mzima anajifunza kutembea upya.

Uvutano wa Mwezi ni kama sehemu moja ya sita ya ule wa duniani. Unapotembea, mguu uliokanyaga unakuwa kama fimbo iliyochomekwa chini: kiwiliwili kinapanda juu yake, kisha uvutano unakishusha upande wa pili. Uvutano ukiwa hafifu, mwili unachelewa kushuka. Duniani huwa tunaacha kutembea na kuanza kukimbia tukifikia kilomita 7 hivi kwa saa. Kwa hesabu, Mwezini mpaka huo unashuka hadi karibu 3. Ukijaribu kuharakisha, tayari uko hewani (hewa yenyewe haipo, lakini tunaelewana). Basi wakadunda: mara kama kangaruu, mara kwa kutanguliza mguu mmoja tu, na Schmitt akipenda kuteleza kama mtu wa skii, wale wanaoteleza juu ya theluji.

Watu husahau jambo moja. Uzito unapungua, tungamo (kiasi cha maada iliyomo kwenye kitu) halipungui. Vazi pamoja na mkoba wa oksijeni vilizidi kilo 80 duniani. Kule vilibebeka kirahisi, lakini ukishashika kasi, kusimama ni kazi ileile, tena buti zinakandamiza ardhi kidogo tu kwa hiyo hazishiki sawasawa. Mwaka 1969 Buzz Aldrin, mwanaanga wa Apollo 11, alieleza akiwa hukohuko kwamba alihitaji hatua mbili tatu kuirudisha miguu chini ya mwili. Mkoba nao unavuta nyuma. Mwaka 1972 Charlie Duke wa Apollo 16 aliruka juu kwa mzaha, akapoteza mizani, akaanguka chali juu ya mkoba uleule uliokuwa ukimpa pumzi. Alinusurika, ila mimi hata leo roho hunipaa nikitazama.

Sasa kwa taabu yote hiyo, si watumwe roboti? Swali halali, na roboti sizidharau. Mwaka 2024 Chang'e 6, chombo cha China kisicho na mtu, ilirudi na karibu kilo mbili za udongo kutoka upande wa nyuma wa Mwezi, ambako hakuna mtu aliyewahi kukanyaga. Kwa kazi uliyoipanga mapema, roboti inatosha.

Lakini Desemba 1972, kwenye kreta (shimo) ya Shorty kule Mwezini, hakuna aliyepanga kilichotokea. Schmitt, mwanajiolojia, alikuwa akipita tu. Buti zikakwaruza vumbi la kijivu, na chini yake akaona rangi ya chungwa. Papo hapo yeye na mwanaanga mwenzake, Eugene Cernan, wakabadilisha walichokuwa wakifanya: wakachimba mtaro mdogo, wakagongomea bomba la sampuli ardhini, huku muda wao pale ukiyoyoma. Ulikuwa udongo wa punje za kioo, zilizorushwa na volkano zaidi ya miaka bilioni 3.5 iliyopita. Mwaka 2011 wanasayansi waliochunguza udongo huohuo walitangaza kwamba ndani ya punje zake mna maji yaliyonaswa tangu volkano ilipolipuka.