S ya nani? Dhana potofu kuhusu ukakamavu wa shafti za gofu

"Fundi, niondolee hii R, uniwekee S." Hakuna ombi ninalolisikia mara nyingi zaidi ya hili mezani kwangu hapa Nairobi. Ni herufi za ukakamavu zinazochapwa kwenye shafti, ule mti mrefu wa fimbo ya gofu: R ni ya kawaida, S ni ngumu, X ni ngumu zaidi. Anayeliomba huwa hajasema S ya kampuni gani, ya uzito gani, wala ya kukatwa urefu gani. Ameshajiamulia kwamba S ni kipimo kamili, na kwamba R ni ya wazee. Nikimwonyesha kwenye mashine kuwa R yake ni ngumu kuliko S ya rafiki aliyekuja naye, anadhani mashine imeharibika. Mashine ni nzima. Kilichoharibika ni imani kwamba ile herufi iliyochapwa kwenye shafti ina maana moja dunia nzima.

Dhana: S ni S, popote ilikotengenezwa

Hii ndiyo inayonichosha kuliko zote, na ndiyo inayowala watu pesa nyingi, kwa hiyo nitakaa nayo.

Kanuni za vifaa vya gofu hutungwa na R&A ya kule St Andrews, Uskoti, pamoja na USGA ya Marekani, vyombo viwili vinavyosimamia mchezo huu. Kanuni hizo zinataka shafti iwe imenyooka, ipinde kwa kiasi kilekile hata ukiizungusha upande wowote, na isokoteke sawa kulia na kushoto. Hazisemi popote R iwe na ukakamavu gani, S ianzie wapi, au X iishie wapi. Hakuna chombo chochote kinachosimamia herufi hizo. Kila mtengenezaji ana ngazi yake, na kampuni moja inaweza kuwa na ngazi tofauti kwa kila modeli inayouza.

Herufi inakuambia jambo moja tu la kutegemewa: ndani ya modeli ileile, yenye uzito uleule, S ni ngumu kuliko R, na X ni ngumu kuliko S. Ukitoka nje ya modeli hiyo, umepotea. Hata ndani yake kuna mtego, kwa sababu shafti ya draiva, ile fimbo ndefu ya kupiga mbali, yenye gramu 50 na herufi S mara nyingi ni laini kuliko S ya gramu 70 ya modeli hiyohiyo.

Sasa tuone ukakamavu unavyopimwa, maana hapo ndipo herufi zinapovuliwa nguo.

Njia ya zamani ni ubao wa kupimia mpindo. Unabana shina la shafti, yaani ule upande wa mshikio, kisha unatundika uzito kwenye ncha na kusoma imeshuka kiasi gani. Ni njia ya kweli na haihitaji umeme, lakini inataka jicho makini, na shafti mbili zenye tofauti ndogo huonekana sawa ubaoni.

Njia tunayoitumia zaidi karakana ni ya mitetemo. Kila aliyepita darasani amewahi kubana rula kwenye ukingo wa dawati, akaichapa ikalia. Ukiacha sehemu ndefu nje, sauti inakuwa nzito na mtetemo wa polepole. Ukiivuta ndani, mtetemo unakuwa wa haraka. Shafti hupimwa hivyohivyo. Shina linabanwa kwenye jiliwa, nchani kunafungwa uzito au kichwa chenyewe cha fimbo, unaivuta kidogo na kuiachia, na jicho la mwanga linahesabu inatetemeka mara ngapi kwa dakika. Shafti ngumu hutetemeka haraka. Draiva nyingi za wachezaji wa kawaida zinaangukia kati ya mitetemo 230 na 270 kwa dakika, na tofauti ya takriban mitetemo 10 ndiyo inayohesabiwa kuwa hatua moja ya herufi.

Chukua S mbili za kampuni mbili, zikate urefu mmoja, zifungie uzito mmoja, zipime kwenye jiliwa moja. Si ajabu hata kidogo kukuta zimeachana kwa mitetemo 10 au zaidi. Maana yake S ya huyu ni R ya yule, na mteja aliyelipa pesa nzito kutoka R kwenda S amerudi palepale alipokuwa, au amekwenda kwenye shafti laini kuliko aliyoiacha. Halafu anacheza raundi mbili, anatangaza kwamba S imemfaa sana.

Lakini hata namba ya mitetemo ina masharti yake. Wapo wanaokuja na namba waliyoipata kwenye karakana nyingine, wakitaka nami niwape ileile. Namba hiyo haina maana mpaka nijue shafti ilibanwa kwa urefu gani, uzito wa nchani ulikuwa gramu ngapi, na fimbo yenyewe ilikuwa na urefu gani. Wengi wetu hubana inchi 5 za shina na kufunga gramu 205 nchani kwa draiva, lakini wapo wanaobana nusu ya hapo, na jibu lao litakuwa dogo kuliko langu kwa shafti ileile. Fimbo ikipungua nusu inchi, mitetemo inapanda kwa karibu 4. Kichwa kikiwa kizito zaidi, inashuka. Urefu ndio sababu kwenye seti ya vyuma, yaani fimbo zenye kichwa chembamba cha chuma, namba 9 iliyo fupi hutetemeka haraka kuliko namba 5 ingawa zote zimeandikwa herufi moja. Zimepangwa hivyo makusudi, zipande ngazi kwa mwendo ulio sawa. Ninachotafuta kwenye seti ni ile fimbo iliyoruka ngazi. Ukiwa na namba 6 ambayo huipendi na hujui kwa nini, ilete tuipime kabla hujaanza kulaumu swingi yako, yaani unavyozungusha fimbo.

Kuna njia ya tatu, na kwangu ndiyo inayosema ukweli zaidi. Mitetemo husikiliza hasa upande wa shina. Haikuambii ncha ikoje, na ncha ndiyo inayokaa karibu na mpira. Kwa hiyo shafti inalazwa juu ya vihimili viwili, inagandamizwa katikati, unasoma imebonyea kiasi gani, kisha unaisogeza na kurudia kutoka shina hadi ncha. Mwishoni unapata mchoro wa ukakamavu wa shafti nzima. Zipo shafti mbili zenye mitetemo sawa kabisa ambazo mchoro wake haufanani: moja ina shina gumu na ncha laini, nyingine imekakamaa mfululizo. Mchezaji akizipiga anasema "hizi haziko sawa," na yuko sahihi, ingawa herufi ni moja na mitetemo ni ileile.

Basi nikikuuliza unatumia shafti gani, usinijibu kwa herufi. Nitajie modeli na uzito, au bora zaidi, leta fimbo.

Dhana: S400 ni ngumu kuliko S300

Hii inahusu shafti za chuma za Dynamic Gold, zinazotengenezwa na True Temper, ambazo zimejaa kwenye mifuko ya wachezaji wetu, hasa seti zilizonunuliwa mkono wa pili. Namba 200, 300 na 400 hazipimi ukakamavu. Zinapanga uzito ndani ya herufi ileile: S200 ni karibu gramu 129, S300 ni 130, S400 ni 132. Gramu chache tu. Nimewaona watu wakibishana kwa ukali kuhusu S300 na S400, na wote wawili walikuwa wanahitaji shafti nyepesi kwa gramu 30.

Na hapo nasema tena ninalolisema kila siku: uzito kwanza, herufi baadaye. Mchezaji anayecheza mara moja kwa wiki, akatoka kwenye chuma cha gramu 130 na kuingia kwenye chuma cha gramu 95, atayahisi mabadiliko kuanzia mpira wa kwanza, na ataendelea kuyahisi shimo la 16 mikono ikiwa imechoka. Kutoka R hadi S ya uzito uleule, wengi hawawezi kutambua wakifumbwa macho. Bado watu wanatumia pesa kwenye herufi na hawaulizi gramu.

Dhana: wanawake L, wazee A, wanaume R, vijana S

L na A ni herufi za shafti laini kuliko R. Lakini shafti haijui umri wako wala jinsia yako. Kinachonikera zaidi ni msichana mwenye nguvu, anayezungusha fimbo haraka kuliko nusu ya wanaume wa klabu yake, kukabidhiwa seti ya L kwa sababu ndiyo iliyoandikwa ya wanawake. Anapiga juu sana, mpira unatawanyika, anaambiwa ajirekebishe. Fimbo zinamdhulumu. Vivyo hivyo mzee wa miaka 65 mwenye swingi tulivu na ya kasi hana sababu ya kushushwa A kwa kuhesabiwa mvi.

Dhana: kasi ya swingi inatosha kuchagua shafti

Majedwali yanasema maili 85 hadi 95 kwa saa uchukue R, ukifika 95 hadi 105 uchukue S, juu ya hapo X. Ni mahali pa kuanzia, si pa kumalizia. Wachezaji wawili wenye maili 95 wanaweza kuhitaji shafti mbili tofauti kabisa. Mmoja anafika juu, anatulia, kisha anashuka taratibu akiongeza kasi. Mwingine anairarua fimbo kutoka juu kama amekasirika nayo. Shafti hupinda zaidi pale mwelekeo unapogeuka, na huyu wa pili anaipinda mno kuliko wa kwanza, japo kasi ya mwisho ni moja. Mchukue huyo umtazame anavyogeuka juu, na huo ndio mtihani ninaouamini kuliko skrini.

Dhana: shafti laini inasukuma mpira kwa kujifyatua

Si hivyo. Ni kweli kwamba fimbo ikifika kwenye mpira, shafti huwa imepinda kidogo kwenda mbele. Lakini sehemu kubwa ya mpindo huo inatokana na kichwa, ambacho uzito wake umekaa nyuma ya mstari wa shafti, kikivutwa na mwendo wa mzunguko kitafute mstari na mikono. Mpindo huo unaongeza kidogo pembe ya uso wa fimbo, kwa hiyo mpira unaweza kuruka juu zaidi. Kasi ya ziada ni ndogo. Mgusano wenyewe unadumu karibu nusu ya elfu moja ya sekunde, na mpira huwa umeshaondoka kabla shafti haijafanya lolote kuhusu mgongano ule.

Nikiwa hapa, niwaombe wa Nairobi wakishuka Pwani wasinipigie simu kutoka Nyali au Vipingo kwamba shafti zimelegea. Nairobi tuko karibu mita 1,700 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, na mpira unakwenda mbali kwa takriban asilimia 6 zaidi. Chuma namba 7 cha yadi 160 hapa kinakuwa cha yadi 150 hivi kule. Fimbo ni ileile.

Dhana: msokoto mdogo maana yake shafti ngumu

Kupinda ni jambo moja, kujisokota ni jingine. Msokoto hupimwa kwa digrii, ncha ikizungushwa kwa nguvu ya futi-pauni 1. Grafiti yaweza kuwa chini ya digrii 3 au ikazidi 6, na yenye digrii 5 inaweza kuwa ngumu kupinda kuliko yenye digrii 3.

Dhana: shafti huchoka na umri

Grafiti isiyopasuka na chuma kisichooza kwa kutu ndani hubaki na ukakamavu wake kwa miaka mingi. Kinacholegea ni gundi inayoshika kichwa, hasa ukiacha fimbo kwenye buti ya gari juani Mombasa au Dar es Salaam. Kichwa kikianza kulia au kuzunguka, usiendelee kupiga.

Dhana: ukitaka shafti ngumu, ikate

Inategemea unakata wapi. Ukikata shina, fimbo inafupika, kichwa kinahisiwa chepesi, mitetemo inapanda, lakini ncha ni ileile. Ukikata ncha, umeondoa sehemu laini zaidi, na hapo shafti imebadilika kweli. Ila si kila shafti inakubali. Shafti ya vyuma yenye ncha iliyochongoka, ya inchi 0.355, ukiikata nchani haiingii tena vizuri kwenye shimo la kichwa, wala haikutengenezwa kukatwa huko. Ya ncha iliyonyooka, inchi 0.370, inakatika kwa kufuata jedwali la mtengenezaji. Wapo wanaokuja tayari wamekata nyumbani kwa msumeno wa chuma, tena grafiti, ikachanika nyuzi. Hiyo siwezi kuiokoa.

Ukija kupimiwa, leta fimbo moja unayoiamini kuliko zote, hata kama ni ya zamani na gripu imechakaa. Naipima urefu, uzito na mitetemo kabla ya kugusa nyingine yoyote, kisha nakuandikia namba hizo kwenye kipande cha karatasi, pamoja na urefu niliobana na uzito niliotumia, ili fundi yeyote atakayefuata aweze kupima vilevile.