Kioo cha metali kina nguvu. Nani kasema hakivunjiki?

Nimeletewa tena ile grafu ya msongo (nguvu kwa eneo) dhidi ya badiliko la urefu. Kioo chenyewe ni aloi ya zirkoni iliyopozwa haraka hata atomi zake zikaganda bila kujipanga kuwa fuwele: megapaskali 1,700 na ushei, mstari umepanda wima kisha ukalala kulia hadi asilimia 15, na chini yake maneno: ina nguvu kuliko chuma cha pua na haivunjiki, tutengeneze boliti. Hapana. Tusitengeneze.

Nguvu ni msongo ambao kitu huanza kusalimu amri. Kuvunjika ni habari ya ufa: ukishaanza, nani wa kuuzuia? Kwenye chuma cha kawaida kuna mipaka ya fuwele, na metali yenyewe hujikaza kadiri inavyovutwa. Kioo hakina fuwele, wala hakijikazi. Kinalainika palepale kilipoanza kuteleza, kwenye utepe wa mkato wenye unene wa nanomita 10 hadi 20, na mteleko wote unahamia humo. Ukiuvuta mche, utepe mmoja unatosha kuukata mshazari. Kurefuka kwa kudumu ni karibu sufuri.

Sasa asilimia 15 zimetoka wapi? Grafu ni ya kukandamiza, si ya kuvuta. Hilo peke yake lingetosha kufunga mjadala, lakini hebu pima na sampuli: kipenyo milimita 2, urefu milimita 2. Katika kukandamiza utepe hukata kwa nyuzi 42 hivi kutoka mhimili wa mzigo, kwa hiyo unahitaji kama milimita 2.2 za urefu ili utoke ubavu hadi ubavu. Hazipo! Utepe unagonga bamba la mashine, unakwama, mwingine unaanza, nao unakwama. Mmepima msuguano wa bamba, mkauita unyumbufu, yaani uwezo wa kubadilika umbo moja kwa moja bila kuvunjika. Kata urefu mara mbili ya kipenyo, na nyuso ziwe sambamba kabisa, maana uso ulioinama kidogo nao huzaa unyumbufu wa bandia. Tena mtaje ukakamavu wa mashine. Mashine legevu huweka nishati kama springi na kuimwaga yote kwenye utepe wa kwanza; aloi ileile itaonekana kauri huku na nyumbufu kule.

Tuje kwenye kusubu, haraka. Namba katika fomula ya aloi Zr55Cu30Al10Ni5 ni asilimia za atomu, si za uzito (ndiyo, bado watu wanakosea). Bonge la gramu 20 ni zirkoni 13.40, shaba 5.09, alumini 0.72, nikeli 0.78. Ondoa hewa tanuruni, jaza gesi ya agoni, yeyusha kwanza kipande cha titani kinywe oksijeni iliyobaki, kisha geuza bonge na kuliyeyusha tena mara nne au zaidi. Zirkoni chafu ya bei nafuu huja na oksijeni yake, na oksijeni ndiyo mbegu ya fuwele. Mche wa milimita 10 utang'aa vizuri nje huku kiini kimeganda fuwele. Eksirei ya uso haitakwambia, na fuwele chache asilimia mbili tatu haizioni. Kata mche katikati, upige eksirei hapo.

Vioo vya aloi za chuma vina nguvu zaidi, hufika karibu gigapaskali 4, na vingi hupasuka kama kauri. Kuchanganya kioo na matawi ya fuwele laini kunasaidia kweli: maabara ya Caltech (chuo cha teknolojia cha California) mwaka 2008 ilipata kurefuka kwa zaidi ya asilimia 10 katika kuvuta, kwa gharama ya nguvu kushuka hadi gigapaskali 1.2 hadi 1.5.

Springi nitakubali, maana kioo huvutika asilimia 2 na kurudi kilivyokuwa. Gia ndogo pia. Boliti inayotikiswa ni kesi nyingine: kwa Vitreloy 1 ileile, kioo kimoja cha zirkoni, vipimo vya uchovu (mzigo unaorudiwarudiwa) vimetoa kikomo cha karibu asilimia 4 ya nguvu yake, na vingine mara kadhaa ya hapo. Wapo wanaolaumu umbo la sampuli, wapo wanaolaumu vitundu vya kusubu. Mpaka wakubaliane, mchoro wa boliti hiyo sitautia sahihi.